Swali la Mwalimu Vedasto pale Katonga

Mama Erasto, alfajiri nilisikia komeo la mlango nikafurahi. Mjukuu wangu Winfrida alikuwa anatoka tena kwa mazoezi, nikamfuata polepole hadi Katonga, kule ufukweni wanakoanika dagaa.

Unakumbuka nesi alituambia unene unaweza kuvuruga homoni, na mazoezi husaidia mwili na hata akili ya darasani.

Sasa Mwalimu Vedasto, aliyekuja kununua dagaa, akamsimamisha mtoto anahema. "Wewe kibonge, saba mara nane?" Mtoto hana pumzi, atajibu nini? Akawageukia watu: "Mnaona? Mafuta yameshafika kwenye ubongo."

Kwenye ubongo, Mama Erasto. Mwalimu mzima. Na watu wakacheka.

Winfrida akaninong'oneza, "Bibi, mimi sitoki tena."

Brigita peke yake, yule mwanika dagaa, hakucheka. Alimgeuzia ndoo akae, akamsubiri apumue.

Winfrida akasema taratibu, "Hamsini na sita."

Mwalimu alishaondoka zake.

Brigita akamwambia, "Mimi sikusoma, mwanangu. Kesho pita tena hapa unifundishe."