Kibanio Kimoja, Nguo Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Darasa la Kiingereza limeanza tena, safari hii sebuleni kwangu, kwa kuwa ukumbi wa kanisa unapakwa rangi. Niliwaomba radhi wanafunzi kwa viti visivyolingana. Mmoja wao, kinyozi, alinipoza: kwake wateja husubiri wamekalia ndoo. Wamekuja watano, ila wenye kuzungumza ni wawili — yeye, na dada anayefanya kazi chumba cha kufulia nguo hospitalini. Wenzake humwita Mama Pasi.

Somo: viunganishi vya sababu na matokeo. Because, so, therefore. Nilifunga kamba ya nguo kutoka dirishani hadi kabatini, nikatumia vibanio vya marehemu mke wangu. (Aniwie radhi. Hakupenda kamba ndani ya nyumba.) Karatasi moja ni sababu, ya pili ni tokeo, kibanio ndicho kiunganishi.

Wote walitumbukia kwenye shimo letu la siku zote: Because it rained, so we were late. Kwetu sisi "kwa sababu" huja na "ndiyo maana" yake, kama bibi harusi na mpambe; Kiingereza hutaka kiunganishi kimoja tu. Nilieleza kwa maneno mengi kupita kiasi. Mama Pasi akaomba ruhusa, akainuka, akapishanisha pembe za karatasi mbili na kuzibana kwa kibanio kimoja. Akasema ndivyo wanavyoanika mashuka. Ukitumia viwili viwili, vibanio vitakwisha na nguo bado ziko kwenye beseni.

Kinyozi akasema basi mwalimu amepatikana, Babu akae apumzike.

Nilikaa. Sijafurahi hivi siku nyingi.

Jumatano, 5 Machi

Niliwaagiza waandike juu ya kitu kilichoharibika kazini, pamoja na sababu yake. Kinyozi: The customer shouted because I cut his ear. Kamwaga yote, hata rangi ya taulo.

Mama Pasi: The sheet was burned. The press was hot. Nukta, nukta. Hakuna kibanio hata kimoja — yeye aliyetufundisha kubana!

Nilimwuliza kama sikueleza vizuri. Akasema samahani, Mwalimu. Nikasema hapana, samahani ni yangu. Kinyozi akauliza kama tutaombana samahani mpaka giza liingie, kwa maana yeye amefunga duka.

Jambo lenyewe si la mzaha. Ijumaa ya wiki ijayo Mama Pasi anafanya mtihani wa kuwa mkuu wa chumba cha kufulia. Amekaimu nafasi hiyo tangu mkuu wa zamani alipostaafu. Hospitali inataka aandike kwa Kiingereza tukio moja la kweli la kazini: chanzo chake na matokeo yake. Mwaka jana alifeli. Waliandika kwamba haoni chanzo cha mambo. Akifeli tena ataletwa mtu kutoka nje, naye atarudi kukunja taulo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Pasi alitangulia wenzake. Niliacha mlango wazi, kama ilivyo adabu kwa mgane.

Alianza kwa shikamoo, kisha akasema nisimdhanie mvivu. Because anaijua. Ila kule kazini kwao vitu huharibika vyenyewe. Shuka limeungua. Kifungo kimepotea. Sabuni imemwagika. Ndivyo walivyokubaliana, wote.

Nikauliza, kwa nini?

"Mkuu wa zamani aliandika sababu, Mwalimu. Sababu ikawa na jina la mtu. Binti wa zamu ya asubuhi akavuliwa aproni siku hiyohiyo, naye ana watoto wadogo. Na sasa shuka limeungua tena, mikononi mwa binti mwingine. Mimi nikiandika because, nimemfukuza."

Nilimkaribisha chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno, naye akainywa yote kwa heshima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala na neno moja: je, nyuma ya binti kuna nini?

Darasani nilitundika karatasi: The sheet burned. Nikabana mbele yake: because the girl left it under the press. Mama Pasi akatazama sakafu. Nikamwomba anisamehe, kisha nikampa karatasi tupu na kibanio. Nikasema kila sababu nayo ni tokeo la jambo fulani; je, hii ina mama yake?

Akaandika kwamba pasi haikuzimika. Kwa nini haikuzimika? Swichi ya joto imekwama. Kwa nini imekwama? Hakuna aliyekuja kuitengeneza. Sasa alikuwa anabana mwenyewe, haraka, bila kuniuliza. Binti alibaki kule mwisho wa kamba, karatasi moja kati ya nyingi.

Kinyozi akasema kamba imegonga kabati na bado hatujafika ofisini.

"Tumefika," akasema Mama Pasi, polepole.

Karatasi ya mwisho ilisema kwamba chumba cha kufulia kiliomba fundi wa umeme tangu mwaka jana, na meneja wa hospitali hakumtuma.

Meneja ndiye anayesahihisha mtihani.

Jumatano, 12 Machi

Sikuwa na raha tangu juzi. Shule ya misheni ilitufundisha kuingia kwa mkubwa tumeinamisha kichwa, hata kwa barua. Nilimwita Mama Pasi kando, nikamshauri aishie kwenye swichi. Si uongo, ni kuacha mapema tu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha:

"Mwalimu, swichi haina mdomo. Nikiishia hapo, watauliza nani aliigusa. Tutarudi kwa binti."

Ni kweli. Niliomba radhi, na mara hii nilikuwa na cha kuombea.

Kinyozi, ambaye masikio yake hayana pazia, akasema wakimfukuza atamfundisha kunyoa, mradi asilete pasi yake dukani. Mama Pasi alicheka mpaka akafuta macho. Wakati wa kuondoka aliomba kibanio kimoja. Nikampa kile cha mbao ambacho marehemu alikipenda. Akakitia mkobani.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja. Mama Pasi aliniomba nimsindikize. Nimevaa koti la kanisani. Katibu wa meneja ameniuliza kama nimekuja kwa daktari. Nimemwomba radhi kwa kumchanganya.

Mama Pasi yuko ndani tangu asubuhi. Mashine za kufulia zinanguruma chini ya sakafu.

— Meneja ametoka mwenyewe. Miwani juu ya paji la uso, karatasi ya Mama Pasi mkononi. Kauliza nani alimfundisha mama huyu.

Nilisimama. Radhi ilikwisha kufika ulimini. Nikaimeza.

Nikasema, "Ni mimi, bwana. Kiingereza ni changu. Aliyoyaeleza ni yake, na ni kweli."

Alinitazama. Hakutabasamu, hakukunja uso. Akamwambia katibu amwite fundi wa umeme, sasa hivi, kisha akarudi ndani.

Mama Pasi akachungulia mlangoni, bado na aproni yake.

"Mwalimu, nishikie mkoba. Nimeambiwa niyasome kwa sauti."

Kibanio alikuwa nacho kidoleni, kimembana kama pete.

— Fundi wa umeme amefika, anahema. Kaninong'oneza: "Shikamoo, Babu. Wameniitia nini?"

"Marahaba. Pasi kubwa, kijana wangu. Una bisibisi?"

Hana. Amekimbia kuifuata, na mlango hakuufunga. Mkoba wa Mama Pasi uko mapajani mwangu. Namsikia anasoma kwa Kiingereza, bila haraka, kama mtu anayeanika: because. Na nyuma yake, because nyingine.