Mpunga wa Mume Aliyerudi

Jumamosi. Mvua imetupa nafasi tangu adhuhuri, lakini mawingu bado yamekalia milima, na njia ya kwenda Mnyuzi imekuwa tope tupu.

Leo kalamu inaniuma mkononi. Viganja vimetoka malengelenge kwa kutwanga, na moja la chini ya kidole gumba limepasuka. Nimelifunga kitambaa. Hata hivyo nitaandika, maana moyo umejaa, na mtu ambaye mimi humweleza mambo yangu yote ndiye huyo huyo ninayetaka kumsifu. Mbele ya uso wake siwezi. Atanicheka.

Namsema Mwajuma, jirani yangu.

Sisi wawili tulikuwa wajane wa shamba la mkonge. Mume wangu alikufa kwa homa akiwa kazini. Wake, Athumani, alikwenda bara na msafara wa kuleta vibarua kutoka Unyamwezi, na wenzake wakarudi na habari kwamba ndui imemmaliza njiani. Kwa wanawake kama sisi Bwana mwenye shamba ameweka posho. Kila Jumamosi unakwenda ghalani na kapu lako, unapimiwa mpunga. Masharti yake hayana maneno mengi: ukiolewa, posho imekwisha, ukiingia katika nyumba yenye mwanamume, imekwisha vilevile.

Tangu Mwajuma atoke eda tumekuwa tukichanganya posho zetu katika chungu kimoja. Yeye ni Mwislamu, Mzigua wa Handeni. Mimi ni Mkristo, Mshambaa, niliyefundishwa kusoma na mapadre. Tukijaliwa kuku, anachinjwa na mtu wao, mimi hainidhuru kitu. Yeye akiswali, mimi nakoroga. Mimi nikisali, yeye anawanyamazisha watoto. Mwanangu Yohana yuko milimani anasoma, kwa hiyo wale wawili wa Mwajuma ndio kelele za nyumbani kwangu.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikapitia kwake. Nimekaa kibarazani nachambua mboga, yeye anapepeta, akasimama mtu njiani. Amekonda, uso wote umechimbika kwa ndui. Akabisha hodi. Mwajuma akamwitikia kama tunavyowaitikia wapita njia:

"Karibu baba, ila mwenye nyumba hayupo. Alifariki."

Yule mtu akasogea hadi barazani.

"Alifariki lini? Mbona hamkunialika matangani?"

Ungo ukaanguka. Uso ule Mwajuma hakuutambua, lakini mzaha wa namna ile hana mwingine duniani ila Athumani. Akakaa palepale chini, mchele umemwagika miguuni, akawa anacheka na kulia kwa mdomo mmoja. Watoto walikimbilia nyuma yangu.

Kumbe wenzake walimwacha katika kijiji cha watu akiwa hajitambui, wakadhani hatafika asubuhi. Wanakijiji wale, Mungu awabariki, wakamuuguza. Alipopata miguu akaanza kurudi kidogo kidogo. Handeni alipita kwa mama yake mzazi, ambaye alikwisha kumsomea hitima. Bibi yule akampa uji kwanza, akamtazama anavyokunywa, ndipo akamwambia, "Basi u mzima. Mzimu haulambi bakuli."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Kisha nikaenda nyumbani kwangu nikafunga mlango, na hili la pili nalo ni kweli.

Niliona wivu.

Wangu nilimwona akifukiwa. Hatatokea njiani na mzaha. Halafu nikawaza chungu chetu. Nyumba ile sasa imepata mwenyewe, nami nitarudi kupika kibaba changu peke yangu, nikisikiliza kelele za wale watoto kupitia ukutani. Nilimwomba Mungu anisamehe, na nilipomaliza kuomba nikakuta wivu bado upo.

Jumatatu majirani wakaja na ushauri, nao wote ulikuwa mmoja: Athumani arudi Handeni kwa siri, akae kwa mama yake mpaka mavuno, kisha ndipo ajitokeze. Mwezi huu hakuna nyumba yenye chakula. Posho ikikatika sasa, watoto watakula nini? Nami nilishauri hivyo hivyo, tena kwa sauti kuliko wote.

Mwajuma alitusikiliza hadi tukaishiwa. Akasema:

"Dada, Jumamosi nitakwenda kupokea nini pale? Mpunga ule ni wa kifo chake. Nikiupokea naye yu hai, si ni kama namwombea afe tena?"

 Nimesikia mahubiri mengi maishani mwangu, wala sikumbuki lililonichoma kama lile, na limesemwa na mwanamke anayemenya mhogo.

Jumanne wakaenda ghalani, yeye na mumewe. Nikawafuata. Msimamizi wa ghala ni Mzee Kibwana, mtu wa pwani anayejua Kijerumani cha kutosha kutufasiria. Alimshika Athumani mkono, akaubonyeza kama anayepima embe.

"Shikamoo mzee," akasema Athumani.

"Marahaba. Kijana, ungekuwa na adabu ungekufa ulipoambiwa, au ungerudi mapema. Sasa nitamweleza nini Bwana?"

Bwana alikuja mwenyewe. Alisikiliza, akasema maneno machache, na Mzee Kibwana akayafasiri akitazama chini. Bwana anasema, kama mume hakufa hata siku moja, basi mke hakuwa mjane hata siku moja. Mpunga wote aliokula urudi. Amempa mpaka Jumamosi. Usiporudi, Athumani atapelekwa bomani, atiwe mnyororo, avunje mawe ya barabara mpaka deni liishe.

Nilimtazama Athumani. Alikuwa ameegemea ukuta wa ghala ili asianguke. Mtu yule mnyororo ungemuua, na safari hii angekufa kweli.

Mimi ningepiga magoti nikalia. Mwajuma alibaki wima. Nyuma yetu walikuwepo wale vibarua wapya wa Kinyamwezi wakingoja posho yao, na mmoja, Maganga, alikuwa akinung'unika tangu tulipofika: "Wanatupa mpunga na wake zetu wako kwetu bara. Nani atutwangie? Tunatafuna na maganda kama punda."

Mwajuma akageuka, akamtazama. Kisha akamgeukia Mzee Kibwana.

"Mwambie Bwana, mpunga nilioula siwezi kuutapika. Lakini huu wa watu hawa nitautwanga. Wapate mchele, wapate nguvu ya kazi yake, na deni langu lihesabiwe humo."

Bwana alikuna ndevu. Akaonyesha magunia yaliyopangwa ukutani, yote, tangu mlangoni hadi kwenye kona. Yawe mchele Jumamosi adhuhuri. Na watwange watu wa nyumba yake tu, maana hataki wanawake wa mji mzima wajae uani kwake na kutoka na mchele kwenye kanga.

Mke, na mume mgonjwa, na watoto wawili wadogo. Magunia yale hata watu kumi wangeyaogopa.

Asubuhi ya Jumatano nikaenda uani na mchi wangu. Mzee Kibwana akanizuia mlangoni. "Wewe huna ruhusa. Si wa nyumba hii."

Mwajuma ndiye aliyejibu kabla yangu. "Huyu? Huyu amekula chungu kimoja nami tangu nitoke eda. Kama si wa nyumba yangu, ni wa nyumba gani?"

 Siku tatu nilikuwa nikijililia kwamba nimetolewa, kumbe hakuna aliyenitoa.

Mzee Kibwana akavua kofia. "Mama Yohana, nisikilize vizuri, nakwambia kama ndugu. Nyumba hii sasa ina mwanamume. Ukishika mchi humu ndani, umesema mwenyewe kwamba u wa nyumba yenye mwanamume. Jumamosi usije na kapu."

Mwajuma aligutuka. Hilo hakuliwaza. Akanijia, akaushika mchi wangu anipokonye. "Basi, dada. Nenda nyumbani. Mimi nitatosha."

Nitatosha! Na magunia yamesimama nyuma yake kama kikosi cha askari. Lakini alilisema kwa nia, na angenisindikiza mlangoni bila kinyongo. Wapo watu wengi wanaojua kuomba msaada. Wa kukurudishia msaada wako kwa sababu utakugharimu, namjua huyu mmoja.

Sikufikiri sana, nikauvuta mchi wangu nikaingia. Ningefikiri, ningekwenda nyumbani.

Tulianza. Mpunga ulikuwa na unyevu wa masika, ukiutwanga unapondeka tu, hautoki ganda. Jua hakuna. Mwajuma akafunga uchaga wa miti, akautandaza mpunga juu kwenye mikeka, akawasha moto mdogo chini yake, na watoto wakawa wanageuza. Moshi ulitutoa machozi kutwa. Mchele ulipoanza kutoka mweupe, hata Mzee Kibwana aliacha kibao chake cha hesabu akaja kutazama.

Na Athumani akashika mchi.

Sijapata kuona mwanamume akitwanga mbele za watu. Vibarua walipotoka kazini walijaa uani kama wamekuja ngomani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo Maganga hakuwa na huruma.

"Mzigua! Ndiyo maana kuzimu wamekufukuza? Wamekuona hujui hata kutwanga?"

Athumani alikuwa anahema, jasho linajikusanya katika vile vishimo vya uso. Hakuacha kutwanga. "Nilitoka mwenyewe, mtani. Nilikuta Wanyamwezi wamejaa, wamelala hadi mlangoni. Hakuna pa kukaa."

Uani pakalipuka kicheko. Maganga mwenyewe alikaa chini. Tangu hapo kila jioni walikuja, na kwa kuwa hawakuruhusiwa kutwanga, walitutwanga kwa maneno.

Lakini mimi nilikuwa karibu, niliona walichokosa kukiona. Mwajuma alikuwa akimpokea Athumani mapigo. Tunapotwanga watu watatu kinu kimoja kila mtu ana zamu yake, na zamu ya Athumani ilipofika mikono imemlegea, mchi wa Mwajuma ulishuka mara mbili kwa haraka, ukaijaza nafasi, na mdundo haukukatika. Watu wakasikia watu watatu. Hakumtazama. Alimsitiri mumewe ndani ya mdundo.

Alhamisi na Ijumaa zilipita hivyo. Bwana alikuja mara moja, akachota mchele, akaumwaga kutoka kiganja hiki kwenda kingine, akasema neno.

"Bwana anasema mchele una chenga nyingi, umevunjikavunjika," akafasiri Mzee Kibwana.

"Mwambie chenga ni za marehemu," akajibu Mwajuma. "Wetu sisi ni mzima."

Mzee Kibwana alikohoa kwa muda mrefu. Alichomfasiria Bwana sikijui, ila Bwana alitikisa kichwa akaenda zake.

Leo asubuhi lilibaki gunia la mwisho na mvua ikanyesha. Moto ukazimika. Nilisema moyoni, basi, Baba, tumefika mwisho wetu, sasa fanya yako. Mwajuma akavua mtandio wake wa pili, ule mkavu, akaufunika mpunga, akapiga magoti na kuupuliza moto hadi ukashika tena. Tulimaliza kengele ya adhuhuri ikiwa bado inalia. Mzee Kibwana akapita gunia kwa gunia akiingiza mkono, akaenda kwa Bwana, akarudi. Hakutabasamu. Alisema tu:

"Athumani, Jumatatu uje kazini. Kazi ya kivulini, Bwana ameona ulivyo. Deni halipo."

Athumani alikaa juu ya kinu. Mwajuma akatafuta maji ya udhu, akaswali palepale uani, juu ya mkeka wenye pumba. Mimi nilisimama nyuma yake nikasema Baba Yetu kimya kimya. Nadhani sala zetu zilifika pamoja.

Tulipokuwa tunatoka, wajane wenzangu walikuwa wanaingia na makapu yao. Mmoja akaniuliza langu liko wapi. Nikamwambia nimeliacha nyumbani, na sikuongeza.

Sasa nimekaa na daftari hili na sijioni shujaa hata kidogo. Naogopa. Mshahara wa kwanza wa Athumani uko mbali, mahindi bado hayajabeba, na vinywa ni vilevile. Mwajuma amesema Jumatatu, Athumani akienda kazini, sisi tutakwenda kufyeka kile kipande cha bondeni tupande kunde, na mpaka zikomae kuna mhogo na kuna Mungu. Ameyasema kwa mpangilio huo huo, mhogo kwanza. Nikamkemea, akacheka.

Nimeishi jirani na mtu mkubwa na sikujua. Nilidhani ni mwanamke mwenzangu tu wa foleni ya posho.

Jumamosi ijayo kengele ya ghala itakapolia, najua miguu yangu itainuka yenyewe, kwa mazoea. Mungu anipe nguvu ya kuiambia ikae.