Atomu Ndani ya Fungate

Jumatano, 7 Januari

Siku ya nne ya fungate. Bi Mize, somo wangu aliyenifunda, kaleta sinia la asubuhi: chapati, maini, chai ya hiliki. Faki kala huku anasoma. Mume wangu! Mzuri hata akitafuna. Lakini ni kitabu cha fizikia. Nimejifukiza udi, nimekaa kitandani kama pambo. Kafungua ukurasa mwingine.

Ijumaa, 9 Januari

Nimemuuliza. Bora nisingeuliza. Jumanne anafundisha mbele ya mkaguzi. Akipita anaajiriwa, hajitolei tena shuleni, tunahamia vyumba vyetu viwili Gombani. Mapazia nishayachagua. Somo ni atomu. Sura ya tisa yasema elektroni huzunguka kiini bila kupoteza nishati. Sura ya sita yasema chaji ikizunguka lazima ipoteze. Kwa sura ya sita, atomu zote zingeshaporomoka, pamoja na mimi na udi wangu. Kitabu kimoja! Na hesabu za sura ya tisa zatoa rangi za mwanga wa hidrojeni sawasawa.

"Linalojipinga halifundishiki," kasema.

Hafundishi. Nimelia. Hakuona.

Jumapili, 11 Januari

Fungate imekwisha. Bi Mize kaja kuniaga, kanikumbusha mafunzo yake. Mume akikasirika usimjibu. Kafika mlangoni, kageuka: mume usimnyamazie, atazoea. Nilikuwa nishachoka. Nikamwambia hayo mawili yanagombana.

"Kwani nimekwambia uyatumie wakati mmoja, mwanangu?"

Faki katoka nyuma ya pazia, penseli sikioni. "Bi Mize, hebu rudia hapo."

Aibu gani! Maneno ya somo hayasikilizwi na mume. Bi Mize kajifunika uso kwa mtandio, kaondoka bila kuaga. Nimemfokea Faki. Wiki moja ya ndoa, nishafoka. Yeye kakaa chini, anaandika.

Jumanne, 13 Januari

Kafundisha! Kawaambia wanafunzi wazi kwamba sura hizi zinagombana. Ya tisa itumieni kwa rangi za mwanga, ya sita kwa mnara wa redio, msizichanganye katika hesabu moja. Mkaguzi kauliza ipi ya kweli. Jibu la mume wangu: hakuna iliyo kweli yote, na nadharia iliyokuja baadaye ilizaliwa na ugomvi huu.

Mbele ya mkaguzi! Kwani "zote, mheshimiwa" ingemuuma ulimi? Mkaguzi kaandika kirefu, hakucheka. Mapazia nimeyakunja.

Jumamosi, 31 Januari

Barua imekuja. Kapita. Nimelia, na safari hii kaona.

Tumempelekea Bi Mize doti ya kanga, tumemtaka radhi. Kaipokea. Faki kwa haya hakumtazama.

Baada ya alasiri nilikuwa natundika mapazia vyumbani kwetu Gombani. Faki kakaa sakafuni na kitabu kilekile.

"Sura ya tisa imekosea, na rangi imezipatia. Imewezaje?"

Nimjibu au ninyamaze? Nikamtazama, penseli sikioni.

Nikanyamaza. Nikamsogezea chai.