Kisiki cha Boliti Namba Kumi

Jumatatu, 12 Mei

Shule imetoka saa nane, saa tisa niko kwenye boneti. Pikapu inavuja maji pale kwenye kifuniko cha themostati. Kazi ya nusu saa: fungua boliti mbili ndogo za spana namba kumi, weka gasketi mpya, funga. Ya kwanza imetoka kwa shida. Ya pili imekatika. Wala haikutoa sauti. Spana ililegea tu mkononi, nikajua. Kichwa ninacho mimi, mwili umebaki kwenye injini.

Madaktari wa macho wanakuja hapa Kibiti Ijumaa hii na Jumamosi tu. Mama yuko Mbuchi, kijijini kule deltani, na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka jana tulichelewa, wakaondoka. Bodaboda hapandi tangu imwangushe. Wenye magari ya kukodi wakisikia Mbuchi na matope haya wanacheka. Ni hii pikapu au hakuna.

Jumanne, 13 Mei

Kisiki nimekilowesha dizeli usiku kucha. Kimekunywa, hakikushukuru. Kimekatika sawasawa na uso wa injini, hakuna pa kushika. Nimejaribu patasi na nyundo, kidogo kidogo, kuelekea kushoto. Patasi imeteleza. Kidole gumba kimechubuka. Nimetukana kwa sauti, Zuhura akafunga dirisha. Mke wangu hapendi majirani wasikie mwalimu anavyotukana.

Kutu ile si ya kawaida. Ina ungaunga mweupe pembeni. Ni chumvi. Kuna mjinga ameliosha gari hili kwa maji chumvi, tena si mara moja. Namjua: yule aliyeniuzia. Alikuwa anakaa ufukweni Dar. Mungu amlipe.

Jumatano, 14 Mei

Nimeazima drili. Umeme umekatika nilipoichomeka tu. Umerudi jua linazama. Nimetoboa katikati ya kisiki, au nilidhani ni katikati. Ncha ya drili imevunjikia ndani.

Chuma ndani ya chuma. Nimekaa chini pale pale kwenye mafuta.

Mama kapiga kwa simu ya jirani yake. Anauliza akunje nguo? Nimemwambia akunje. Nimemdanganya mama yangu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemeza kiburi, nimemfuata Fundi Shamte wa stendi. Ndiye niliyemwambia mwaka jana, mbele za watu, kwamba kazi yake hata mimi naiweza. Hakunikumbusha. Afadhali angenikumbusha.

Amekuja na mashine ya kuchomelea. Kaweka nati juu ya kisiki, kaichomelea kwa ndani, kasubiri ipoe. Kazungusha, nati imebanduka. Mara ya pili, imebanduka. Nikaanza kuzunguka uani nikisema peke yangu, akanituma dukani nikanunue soda. Kunitoa tu pale, najua. Niliporudi alikuwa anakaza kidogo, analegeza kidogo, anakaza, analegeza. Kikatoka kikilia. Ni kidogo kama kucha ya kidole changu cha mwisho. Siku nne!

Kakitazama kisiki, kasema gari hili linaoga maji chumvi hadi leo. Nimembishia. Nimemwambia ni mambo ya mwenyewe wa zamani. Akanywa soda yake.

Ijumaa, 16 Mei

Nimetoka alfajiri. Matope mpaka kwenye milango, lakini maji hayakuvuja hata tone. Nimefika Mbuchi, nimemsalimia Mama, nimekimbilia msikitini.

Niliporudi nilimkuta kwenye gari. Ndoo ya maji ya mto miguuni, na mto wenyewe pale ni bahari tupu maji yakijaa. Anarusha kwa kata kwenye wavu wa mbele, injini bado ya moto, kisha anapapasa kwa kiganja kutafuta matope yaliyobaki. Miaka sita natoka kuswali nakuta gari limetakata. Sikuwahi kuuliza nani kaliosha.

"Gari la mwanangu lisiingie mjini chafu," kasema, hata hajageuka. "Maji ya kisima ya kunywa, baba. Haya ndiyo ya gari."

Hasira ilinipanda, ikakosa pa kwenda. Nikamshikia ndoo.

Jumapili, 18 Mei

Jana wamemfanyia upasuaji jicho la kulia. Leo asubuhi nesi wa hapa hospitali kalifungua bandeji.

Hapa nyumbani kamtazama Zuhura, kacheka. Kanitazama mimi, kasema nimezeeka. Kisha kaenda mwenyewe mpaka kwenye pikapu, bila kushikwa mkono. Kaizunguka yote. Kapitisha kidole kwenye bodi palipotoboka.

Kaniuliza gari linaliwa na kutu namna hii nami naliangalia tu, huwa silioshi?

Nimemwambia nitaliosha, Mama.

Nimechota ndoo nne za maji ya bomba. Amekaa kwenye mkeka, ananionyesha palipobaki matope.