Mkandarasi wa Mashuka

3 Februari

Shikamoo Baba,

Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila vidole viwili vimeungua na pasi, usimwambie Mama. Nimepata kazi! Ni kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli. Nimetia saini mkataba, na cheo changu kimeandikwa kabisa: mkandarasi huru.

Kitindamimba wako

20 Februari

Marahaba mwanangu,

Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Mkandarasi! Miaka thelathini nimejenga chini ya wakandarasi, kumbe na mimi nimezaa mmoja. Nimewatangazia majirani wote. Wa mkabala ameshaleta ramani ya nyumba, anataka bei. Nimwambieje?

Baba

11 Juni

Shikamoo Baba,

Samahani kwa ukimya. Mwambie jirani sijengi hata banda la kuku. Napiga pasi tu.

Yamenifika, Baba. Ofisi ya kodi imeniandikia. Kwa vile mimi ni mkandarasi, hakuna aliyekuwa akinikata kodi, kwa hiyo nilipe mwenyewe, ya miezi yote. Na mchango wa hifadhi ya jamii nilipe mara mbili: fungu langu, na lile ambalo mwajiri angelipa. Meneja kanijibu, "Si ulisaini?" Nilisaini, tena nikishangilia. Nikilipa kodi ya serikali, sina kodi ya chumba. Nisipopata njia, mwisho wa Julai nafunga mizigo narudi.

Kitindamimba

19 Juni

Mwanangu,

Pole sana. Mama yako hali chakula vizuri tangu tusome barua. Hukuwa mjinga wewe. Mjinga ni mimi niliyepiga tarumbeta mtaa mzima.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye elimu yangu. Mkandarasi huja na nyundo yake. Mkandarasi husema, "Leo siji, nina kazi kwingine," na mwenye nyumba hufyata mkia. Mkandarasi akitaka, humtuma fundi wake badala yake. Sisi vibarua ndio tuliopigiwa filimbi. Haya: pasi ni ya nani? Saa ya kuingia anapanga nani? Unaweza kumtuma dada yako akupigie pasi siku moja? Majibu usinipe mimi, wapelekee hao hao wa kodi. Mkataba unaweza kukuita malkia, na bado ukapiga pasi.

Baba

27 Juni

Shikamoo Baba,

Nimekwenda! Nimewaeleza: pasi ya kiwanda, aproni ya kiwanda yenye namba, saa moja kamili uwe ndani, ukichelewa unarudishwa. Siku nilipoumwa jino niliomba rafiki anishikie zamu, wakakataa. Karani kanijazisha fomu ya kuomba waamue mimi ni nani. Wakisema mwajiriwa, fungu la mwajiri halinihusu. Mwenye nyumba kakubali kuningoja miezi miwili kwa kodi ya chumba. Wenzangu wameogopa kusaini nami, wananiita Kesi. Meneja hanisalimii.

Kitindamimba

30 Agosti

Mwanangu,

Miezi miwili sijaona hata mstari. Je, nimekuchochea ukafukuzwa? Sema tu, hatutakulaumu. Kitanda chako kipo. Sisi wazima, ila mimi usingizi umenikimbia.

Baba

14 Septemba

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Laleni sasa! Sijafukuzwa. Nilikuwa naogopa kuandika kabla sijajua. Wakaguzi walikuja kiwandani, wakakaa siku nzima wakituangalia tukiingia na kutoka. Wameamua: mwajiriwa, tangu siku ya kwanza. Na si mimi peke yangu, sote ishirini na wawili. Kiwanda kinabeba fungu lake. Langu na kodi nadaiwa kweli, ila nimepewa mwaka mzima wa kulipa, na chumba bado changu. Wale waliokuwa wakiniita Kesi wameninunulia soda.

Kuna jingine. Wiki iliyopita nililala na homa siku tatu, msishtuke, nimepona. Jana nilirudi nikijua nafasi yangu imeshapata mtu. Msimamizi akanipa karatasi: likizo ya ugonjwa, siku tatu, na mshahara wake. Niliisoma mara mbili, Baba, nikalia palepale mbele ya watu, mpaka meneja akaja mbio na kiti, akidhani homa imerudi.

Kitindamimba wenu