Kinga Uliyotuachia na Ile ya Kaboni

Papa Riziki,

Wewe ni muntu wa kichwa ngumu, na hata kufa hakukukurekebisha. Miaka yote tuliyokaa pamoja ulikuwa na neno juu ya kila kintu: mbuzi huyu ni wa nani, shamba lile atalima nani, jembe lilale wapi. Lakini kinga, ile baiskeli ya aluminiamu, uliiacha na ukaenda bila kusema ni yangu ao ni ya Furaha. Sasa nimebaki mimi kukata maneno peke yangu, na huyo Furaha, mujukuu wako, ananitazama kila asubuhi kama muntu anayengoja maharagi yaive. Haya, sikiliza. Masomo yangu unayajua, niliachia mwaka wa tatu, kwa hiyo usicheke maandishi.

Mama yake Furaha angali Walikale, anauza mafuta ya mawese, anatuma salamu. Furaha mwenyewe amekuwa mwanamuke mwenye mapaja kama ya ng'ombe dume. Anashuka kutoka hapa Mushaki mpaka Sake, anashika lami mpaka Goma, anarudi, na jioni bado ana nguvu ya kubishana na mimi. Mu mashindano ya Goma amefika wa ine mara tatu. Wa ine! Watatu wa mbele wanapewa mukono na wakubwa, wa ine anapewa maji. Anasema si miguu, ni kinga. Yetu iko nzito, tena iko kubwa kwake. Wewe uliileta yeye akiwa na miaka kumi na tano, ukasema atakua. Alikua mapaja tu.

Njo akatokea Papa Kambale, yule mufanyabiashara wa Butembo mwenye duka ku Sake. Yule papa anapenda mashindano ya kinga kuliko misa, na misa haikosi. Ameleta kinga ya kaboni, imekwisha tumika kidogo. Akaniambia, "Mama Riziki, tubadilishane tu, kinga kwa kinga. Furaha achukue ya kaboni. Mimi nipe yenu juu ya binti yangu, anaanza kujifunza."

Nikasema sibadilishi kintu ambacho sijakishika. Nikashuka Sake kwa miguu, na hili goti langu. Nikaiinua kwa mukono moja, Papa Riziki! Nyepesi kama kuku aliyetoka kulalia mayai. Haikunifurahisha. Kintu kinachobeba muntu lazima nacho kiwe na uzito wake.

Nikafanya kama wewe. Unajua ulivyokuwa ukichagua muti wa chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo: unaugonga na mupini wa panga, sikio karibu, kutoka chini mpaka juu, kwa sababu muti uliopasuka ndani unasema tofauti na muzima. Na mimi nikavua bangili yangu, nikainama pale mbele ya duka, nikaanza kugonga kadre, ule mwili wa kinga. Ko, ko, ko. Sauti safi. Watu wakasimama. Ko, ko. Nilipofika chini, karibu na pedali, sauti ikafa.

Nikasimama wima. "Papa Kambale! Unataka kuniulia mutoto? Hii imepasuka ndani! Acha kuuzia watu mauti!"

Yeye akashika tumbo akacheka. "Mama, hapo ndani kuna chuma! Chuma cha pedali kinapita hapo!"

Sikuamini. Ilibidi Furaha achukue ufunguo, afungue zile pedali moja moja, anionyeshe chuma kikiwa kimekaa mule ndani kama mufupa. Basi watu wote wakapata la kusema. "Koko, bibi yetu, amekuwa muganga wa kinga!" Kijana moja wa moto, zile pikipiki za kubeba watu, akanyoosha kichwa chake: "Koko, nigonge na mimi." Nikamuambia chake hakina haja ya kugongwa, inajulikana hakina kintu ndani.

Sikuomba musamaha. Unanijua. Lakini kesho yake nilimutumia Papa Kambale fromaji nzima, ile jibini ya kukauka vizuri, na sikuandika neno. Amejua ni ya nini.

Shida ilianzia hapo. Kama ingekuwa imepasuka, ningesema hapana na mambo yangekwisha. Sasa iko nzima, na mimi sina sababu ya kukataa, na bado moyo ulikataa. Nikamuambia Furaha hivi: "Ile kaboni haiwezi kubeba portebagaji, kile kiti cha chuma cha nyuma. Vita ikirudi, nani atanibeba mimi?"

Kwa sababu wewe unasahau, mimi sisahau. Siku ile risasi zilikuwa zinalia juu ya Mushaki, moto zote zilikuwa zimekimbia na wenye nguvu, na wewe ulikuwa na homa, mugulu umevimba kama mugomba. Furaha alikukalisha ku ile portebagaji uliyoifunga wewe mwenyewe, nikakuzungushia kitenge changu na kukufunga ku mugongo wake kama mutoto wa kunyonya. Akashika gido, ule usukani, akakushusha mpaka Sake. Njia nzima ulikuwa unamugombeza, eti asishuke haraka. Siku ya tatu ukatuacha pale santre ya afya. Barabara ya kurudi ilikuwa imefungwa, tukakuzika hapo hapo, juu kidogo ya lami. Kinga ikarudi nyumbani bila wewe. Portebagaji ilikuwa imepinda upande ule uliouegemea. Imepinda, haikuvunjika. Aluminiamu na chuma vinakuonyesha kwanza. Kaboni, Furaha mwenyewe alinieleza, ikichoka inakatika mara moja, haitumi mujumbe.

Furaha alikuwa anachambua majani ya muhogo, akaendelea mpaka akamaliza fungu. Halafu akasema, taratibu kabisa:

"Koko, sufuria tulichukua ndogo juu ya kukimbia. Kitanda tulikataa juu ya kukimbia. Mbuzi, ulisema mbili tu, juu ya kukimbia. Mu hii nyumba kuna kintu gani tulichochukua juu ya kukaa?"

Nikamugombeza. Nikasema mudomo wake umetangulia akili, aende kuteka maji. Akaenda, na mutungi ulikuwa umejaa, wote wawili tuliona.

Nikabaki nikitazama. Papa Riziki, ni kweli. Nyuma ya mulango kuna furushi ambalo halijafunguliwa tangu tulipotoka kukuzika. Ndani mna nguo zangu nzuri. Ninavaa mbovu, nzuri zinangoja vita. Nilicheka peke yangu kama mujinga, halafu sikucheka tena.

Na nitakuambia lingine, kwa sababu wewe huwezi kulitangaza. Ile kinga nilikuwa naipangusa kila siku ya Mungu, hata Furaha akiwa ameipangusa. Nilikuwa naweka mukono pale ulipokaa. Si kinga niliyokuwa naikatalia Papa Kambale. Wewe njo nilikuwa sikuachi. Na mutoto amekuwa akinibebea mume wangu mu mashindano, halafu namuuliza kwa nini anafika wa ine.

Basi nimekata. Ya kaboni itakuja, lakini kwetu haitalala: mawe ya Mushaki yangeiua kwa juma moja. Italala ku duka la Papa Kambale, Furaha ataifuata kwa miguu. Uchungu wake ni huo, nyumba itakuwa kimya, sitasikia muntu akipiga kengele kunitania nikiwa jikoni. Nitavumilia.

Ya aluminiamu imeondoka jana. Papa Kambale alitaka kutoa portebagaji, anasema ya mashindano haivai vile, tena imepinda. Nikamukataza. Nikamuambia, "Acha ikae. Binti yako naye ana baba." Hapo hakucheka. Alivua kofia.

Nakuahidi haya, na mimi nikiahidi unajua: furushi nitalifungua leo, kabla jua halijapita juu ya nyumba. Kitanda nitamuagiza fundi, cha mbao nzito, cha watu wanne kukiinua. Vita ikirudi, nitatembea. Goti litanifuata, litaenda wapi?

Kaa vizuri huko, muzee wangu. Majani ya kaburi lako Furaha atayakata Ijumaa, nimekwisha mutuma, na akikusalimia umuitikie kwa upole. Jumamosi watu wa mashindano watapita hapo chini kwako, ku lami, wote pamoja, mbio kabisa, na yeye atakuwa juu ya kintu kisichokuwa na uzito wako. Usimushike. Muache apite.

Mama Riziki