Gazeti Kati ya Mizinga Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Pengo amefika. Miaka minane, begi moja, maneno hana. Wiki tatu tangu tumzike mama yake – dada yangu – na simu ikilia bado nadhani ni yeye. Zamani mtoto huyu akiniona alinirukia: Mama mdogo! Leo shikamoo, basi, kama nipo dirishani benki. Mume wangu kamtania kuhusu meno ya mbele yaliyong'oka, yale yaliyompa jina. Hakucheka.

Begi lilinuka hospitali. Nimefua kila kitu, hadi lile gauni la madoadoa la mama yake, lililokunjwa ndani ya foronya. Kwa sabuni yetu ya nta ya nyuki wangu, tunayoogea sote. Nilitaka anukie kama sisi. Na nilifurahi, hata!

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Gauni lile alikuwa analilalia. Ameliteremsha kwenye kamba, akajifunika nalo uso, akanusa. Akanusa tena, kola, kwapa. Kisha akalikunja vizuri akaliweka kwenye meza ya jikoni, mbele yangu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Hakulia. Niliyelia ni mimi, bafuni, bomba wazi.

Nimelinusa na mimi. Nta tupu. Harufu ya mwisho ya dada, na nimeimwaga mtaroni na maji ya beseni.

Jumatano, 5 Machi

Mzinga wa tatu hauna malkia, wiki ya pili sasa. Hawavumi, wanalia. Leo nimewaunganisha na wa tano. Ukiwamwaga tu pamoja ni vita: kila mzinga una harufu yake, mgeni hujulikana mlangoni na huuawa hapo hapo. Kwa hiyo gazeti. Karatasi moja katikati, matundu machache ya msumari, yatima juu, wenyeji chini. Wanaitafuna polepole kutoka pande zote mbili, siku tatu, nne. Karatasi ikiisha, harufu imeshakuwa moja.

Mume wangu ndiye seremala wa mizinga yangu, na ndiye aliyenishikia sanduku. Tulipomaliza akasema, bila kunitazama: "Nyuki umewapa gazeti. Mtoto umempa beseni."

Mtu wa maneno machache, lakini akitupa jiwe halikosi.

Alhamisi, 6 Machi

Pengo hali chakula nasi. Anachukua sahani yake, anakwenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mwalimu amepiga simu: darasani hasemi na mtu. Nikamwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Mimi huyo! Niliyeshindwa kuvumilia hata siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepekua kabati zima. Nimelipata – sweta la kijivu la dada! Nililiazima miaka minne iliyopita, akalidai, nikamwambia limepotea. Tuliacha kusemezana miezi miwili kwa ajili yake. Uongo mtupu. Nililivaa ndani ya ovaroli asubuhi za baridi, mizingani.

Nimelinusa hadi pua ikauma. Moshi. Nta. Mimi. Na yeye nadhani yumo, au nataka tu awemo.

Nimpe, nisimpe? Akinusa akamkosa, nitakuwa nimemnyang'anya mama mara mbili. Nimelirudisha kabatini. Mwoga mimi.

Jumapili, 9 Machi

Vipande vya gazeti vinatolewa mlangoni mwa mzinga, vidogo kama pumba. Hakuna maiti. Nimemwita Pengo aone kwa mbali, na amekuja! Nikamsimulia wale yatima na gazeti lao. Akauliza – sentensi ya kwanza tangu afike – kama wale wa juu watamsahau malkia wao. Nikamwambia sijui. Kweli sijui.

Hapo nikamweleza habari ya sweta. Uongo wote, ugomvi wote. Nikampa. Akalinusa vilevile: kola, kwapa, mikono.

"Lina harufu yako," akasema.

"Najua. Nisamehe, mwanangu."

Akaondoka nalo.

Sasa yuko kwenye ngazi yake, sweta mapajani. Mume wangu ameshapakua, sahani tatu, chakula kinapoa. Mimi naandika huku namchungulia dirishani. Mezani hajalirudisha. Ananusa tena. Ameingiza mkono mmoja. Wa pili bado.